UZI: Mwale wa chembe unaangushwa na bomba lake. Tuzungumze impedansi na namna ya kuipunguza

Fundi_Ombwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kwenye uzi wa LHC, ile mashine kubwa ya kugonganisha protoni ya maabara ya CERN kule Geneva, wiki iliyopita kuna mdau aliuliza swali ambalo halikujibiwa: kama sumaku zina nguvu na ombwe ni safi, kwa nini CERN wasijaze tu protoni nyingi zaidi wapate migongano mingi? Niliahidi kufungua uzi, ndio huu. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kupima vipande vya mabomba ya vichapuzi, yaani mashine za kuongeza kasi ya chembe, kwa hiyo nitaongea kutoka upande wa bomba.

Protoni za LHC hazitiririki kama maji. Zimegawanywa katika makundi. Kwenye usanifu wa awali kila mwale ulipangiwa makundi 2,808, kila kundi protoni kama bilioni 115, likipishana na mwenzake nanosekunde 25, ambazo kwa mwendo wa mwanga ni mita 7.5. Kila kundi linazunguka njia ya kilomita 27 mara 11,245 kwa sekunde.

Kundi ni chaji, na chaji inapopita ndani ya bomba la chuma inaburuta kivuli chake ukutani: mkondo wa umeme wa chaji kinyume, unaokwenda nayo bega kwa bega kwenye ngozi ya ndani ya bomba. Ukuta ukiwa laini, haujakatika na unapitisha umeme vizuri, kivuli kinakwenda na mwenye kivuli bila ugomvi. Kikikuta ufa kwenye flenji (ukingo wa kuungia mabomba), mvukuto (kiungo chenye mikunjo) ulioachwa wazi, kisanduku cha kamera au ukuta wenye ukinzani, kinachelewa au kinalazimika kuzunguka. Nishati inabaki pale kama mawimbi nyuma ya boti. Kundi linalofuata linapita juu ya mawimbi hayo na kusukumwa. Hata mkia wa kundi lenyewe unasukumwa na mawimbi ya kichwa chake.

Msukumo mmoja ni mdogo mno. Ila kama umewahi kuvuka mto kwa mtumbwi mwembamba na abiria mmoja akaanza kuyumba, kila yumbo likiongezea lililopita, unajua mwisho wake. Hapa kila kasoro ya bomba inalisukuma kundi mara elfu kumi na moja kwa sekunde.

Impedansi ndiyo kipimo cha ukorofi huo wa ukuta. Wazo lilitoka kwa Vittorio Vaccaro na Andrew Sessler pale CERN, 1966 na 1967, wakati mashine ya ISR inajengwa. Kabla ya hapo kila kasoro ya bomba ilikuwa inahesabiwa kivyake. Wao wakasema tulione bomba kama fundi umeme anavyoiona saketi: mwale ni mkondo unaoingia, msukumo unaorudi kwa mwale ni volteji, gawanya hii kwa ile. Kuanzia hapo flenji, mvukuto na ukuta wote wakajumlishwa kwenye hesabu moja. Binafsi naona hilo ni moja ya mawazo mazuri kabisa kwenye fani hii, maana lilimpa fundi namba ya kupigania.

Karibuni.

---

Nyota_ya_Tanga

Mkuu asante kwa uzi. Mimi ni wa umeme wa viwandani. Kwetu mtambo ukianza kutetemeka tunaweka kihisi, tunaweka mfumo wa mrejesho unaosukuma kinyume, kazi imeisha. Kwa nini wahangaike na bomba la kilomita 27 badala ya kuweka kituliza-mtikisiko kimoja chenye nguvu?

---

Fundi_Ombwe

Kaka, mfumo huo upo na ni wa lazima. LHC bila mrejesho haifiki popote. Vihisi vinapima kila kundi limehama kiasi gani kutoka katikati, kisha mabamba ya umeme yanalisukuma kinyume mizunguko michache baadaye.

Ila angalia unachopima. Kihisi kinaona wastani wa kundi. Kichwa cha kundi kikiyumba kushoto wakati mkia unayumba kulia, wastani uko katikati kabisa. Kihisi kinasema shwari, na kundi linachanika. Aina hiyo ya mtikisiko ndiyo iliyoelezwa na Pellegrini na Sands mwaka 1969, na hadi leo ndiyo inayowanyima watu usingizi.

Dawa yake ya kwanza ni kupanga namna marudio ya mayumbo (idadi ya mayumbo kwa sekunde) yanavyobadilika na nishati ya chembe. Chembe za kichwa na za mkia hubadilishana nafasi polepole, na mpangilio ukiwa na alama (chanya au hasi) isiyo sahihi, kila zinapobadilishana misukumo inajumlishana badala ya kufutana. Sumaku za sekstupoli, yaani za ncha sita, ndizo zinazorekebisha hilo. Dawa ya pili ni oktupoli, sumaku za ncha nane, 168 kwa kila mwale wa LHC. Zinafanya chembe zenye mayumbo makubwa ziwe na mwendo tofauti na zenye mayumbo madogo, hivyo kundi zima haliwezi kuimba sauti moja. Wanaita ufifizaji wa Landau.

Lakini oktupoli nazo zina gharama. Ukizikaza sana, chembe za pembeni zinapoteza njia na mwale unapungua. Na nishati ikipanda mwale unakuwa mwembamba na mgumu kupinda, kwa hiyo nguvu ya oktupoli ileile juu ya mwale inapungua. Mwaka 2012 walikuwa wanakaza oktupoli na bado mwale ukawa unatikisika mwishoni, pale wanapoubana kabla ya kuugonganisha.

Halafu kuna joto. Hata mwale ukiwa umetulia tuli, nishati unayoiacha ukutani inaendelea kuwa joto. Mrejesho hauondoi hata wati moja ya hiyo. Ndiyo maana nasema bomba kwanza.

---

Mwalimu_Rehema

Kaka Fundi, nafundisha fizikia kidato cha tano na sita. Naomba uniambie kitu kimoja nitakachowaeleza wanafunzi: kama shida ni ukuta kuwa karibu, si wautanue tu? Bomba pana, kivuli dhaifu.

---

Fundi_Ombwe

Mwalimu shikamoo. Swali lako ndilo kiini cha mambo.

Ni kweli kabisa kwamba kutanua kunasaidia, tena sana. Kwa ukuta wenye ukinzani, impedansi inayosukuma mwale pembeni hupungua kwa umbali wa ukuta ulioinuliwa kipeo cha tatu. Umbali ukiongezeka mara mbili, msukumo unashuka mara nane. Lakini bomba pana linataka sumaku pana, na sumaku pana ni fedha nyingi. Na kuna kifaa kimoja ambacho kazi yake ni kukaa karibu na mwale: kolimeta.

Mwale wa LHC ukijaa kwa usanifu wa awali unabeba nishati ya megajuli 362. Chembe chache zikitoroka zikapiga sumaku iliyo kwenye nyuzijoto chini ya 2 juu ya sifuri kamili (ubaridi wa mwisho kabisa), sumaku inapoteza hali yake ya kupitisha umeme bila ukinzani na mashine inazima. Kwa hiyo wanaweka taya mbili zinazoukaribia mwale na kukamata watoro. Kwenye nishati ya juu, nafasi kati ya taya na taya inaweza kuwa milimita 2 tu, na mwale unapita katikati. Taya yenyewe ina urefu wa mita moja hivi. Ichore ubaoni kwa vipimo halisi: mita moja ya ukuta wa pande mbili, na uwazi ambao penseli haipiti.

Sasa taya ziwe za nini? Shaba ingekuwa nzuri kwa umeme, lakini mwale ukiipiga kwa bahati mbaya inayeyuka. Walichagua kaboni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kaboni, ambayo inahimili kipigo. Ila ukinzani wake ni mkubwa, kama mikro-ohm-mita 5. Ndiyo sababu kwenye nishati ya juu kolimeta ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya impedansi ya LHC. Kinga ya mashine ndiyo inayoutikisa mwale. Huwezi kuziondoa, huwezi kuzisogeza mbali.

Kilichobaki ni kubadilisha ngozi. Kwa ajili ya LHC iliyoboreshwa, ambako kila kundi litakuwa na protoni kama bilioni 220, walitengeneza mchanganyiko wa molibdenamu na grafiti, ambao ukinzani wake ni kama moja ya tano ya ile kaboni, kisha juu yake wakapaka molibdenamu tupu yenye unene wa mikromita 5. Molibdenamu tupu ina ukinzani mdogo karibu mara 100 kuliko kaboni ya zamani. Mikromita 5 inaonekana si kitu, lakini umeme wa marudio ya juu hauzami ndani ya chuma. Kwenye gigahezi moja kina chake ndani ya molibdenamu ni chini ya mikromita 4. Kivuli kinatembea juu ya rangi, hakijui chini kuna grafiti.

Namna walivyothibitisha ndiyo imenikaa zaidi. Mwaka 2017 waliweka kolimeta ya majaribio ambayo taya zake zina mistari mitatu kwa urefu: mmoja mtupu, mmoja umepakwa nitridi ya titani, mmoja molibdenamu. Wanasogeza taya ili mwale upite mbele ya mstari mmoja, wanafungua na kufunga, wanasoma namna marudio ya mayumbo ya mwale yanavyohama. Wanahamia mstari unaofuata, wanarudia. Mwale wenyewe ukawa ndio mita ya kupimia rangi. Kolimeta mpya za kwanza zikafungwa kwenye kipindi cha matengenezo cha 2019 hadi 2021.

---

Mwalimu_Rehema

Marahaba. Mistari mitatu nimeipenda, Jumatatu inaingia darasani. Na sehemu nyingine ya bomba, ambako hakuna kolimeta?

---

Fundi_Ombwe

Huko wameweka ngao ya ndani, bomba ndani ya bomba, ili ubaridi wa sumaku usipate joto la mwale moja kwa moja. Ni chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita moja, na upande unaotazama mwale kuna shaba ya mikromita 75. Niliwahi kujiuliza kwa nini isiwe shaba nene zaidi. Sababu ni kwamba sumaku ikizima ghafla, uga wake unaporomoka na kuamsha mikondo ndani ya shaba, na mikondo hiyo inalivuta bomba kwa nguvu kubwa kiasi cha kuliharibu umbo. Chuma kipo kwa ajili ya nguvu, shaba kwa ajili ya mwale, na unene wa shaba umesimama pale ambapo pande zote mbili zinavumilia.

Bomba hilo lina matundu ya kupitisha hewa iende kunaswa kwenye ukuta baridi. Matundu yangekuwa na urefu uleule na nafasi sawa, kila moja lingeongeza mlio kwa lililopita. Kwa hiyo urefu wake umechanganywa makusudi, bila mpangilio unaojirudia. Mtu asiyejua angedhani fundi alikosea kupima.

---

Chuma_Mvumo

Wakuu mimi ni fundi mitambo. Mkuu umetaja mivukuto kwenye viungo. Kwenye mabomba ya mvuke tunaiweka ili bomba litanuke. Huko ya nini?

---

Fundi_Ombwe

Sababu ileile, ila kinyume: kwenu inatanuka, kule inasinyaa. Sumaku ya kupinda ya LHC ina urefu wa mita 15, na ikipozwa hadi nyuzi 1.9 juu ya sifuri kamili inafupika sentimita 4 na zaidi. Mvukuto unameza tofauti. Lakini mvukuto una mikunjo, na kila mkunjo ni chumba kidogo cha kuhifadhi mawimbi. Kwa hiyo ndani yake wanapitisha vidole vya shaba na berili, vyembamba, vinavyoteleza juu ya ukingo wa bomba la pili na kumpa kivuli daraja la kupita.

Vidole hivyo ndivyo vilinifundisha kazi. Kwenye maabara moja niliyofanyia mafunzo tulikuwa tunapima kiungo kwa waya: unapitisha waya mwembamba katikati ya bomba, unaukaza kwa uzito, unauunganisha pande zote mbili na analaiza, kifaa kinachochora mawimbi kiasi gani yamepita kwa kila marudio, na waya unajifanya mwale. Mchoro ulipaswa kuwa laini. Wetu ulikuwa na shimo jembamba, refu kwenda chini, na kila aliyeingia alisema ni kebo. Nikabadilisha kebo mara mbili. Siku ya tatu nilimulika tochi ndani nikaona kidole kimoja kimenyanyuka, labda nusu milimita, hakigusi. Nilikibonyeza kwa kijiti cha mbao. Shimo kwenye skrini likapotea. Nikaachia, likarudi. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa naiona impedansi ikiwasha na kuzima mbele ya macho yangu.

LHC nao wamepata yao. 2007, sekta moja ilipopashwa joto baada ya kupozwa, baadhi ya vidole vilijikunja vikaingia kwenye njia ya mwale. Kufungua kila kiungo kukagua kungechukua muda mrefu mno. Wakatengeneza mpira wenye ukubwa wa ule wa tenisi ya mezani, ndani yake kisambaza mawimbi cha megahezi 40, wakausafirisha kwa mkondo wa hewa ndani ya bomba. Vihisi vya mwale vilivyoko njiani vilikuwa vinausikia unapita. Pale unapokwama, ndipo kidole kilipoanguka.

---

Dkt_Mionzi

Nafuatilia kimya kimya. Niko idara ya tiba ya mionzi. Mashine zetu za saratani nazo ni vichapuzi vya elektroni. Je, tatizo hili linatuhusu?

---

Fundi_Ombwe

Daktari, kwenu elektroni zinapita mara moja tu, kwenye mrija wa mita moja au mbili, hakuna kuzunguka. Mtikisiko haupati muda wa kukua. Ila mrija huohuo ukiurefusha hadithi inageuka. Mashine ya Stanford ya kilomita 3.2 ilipoanza 1966, mwale ulipoongezwa nguvu ulianza kupasuka kabla ya kufika mwisho, kwa sababu kila chumba cha mrija kiliusukuma pembeni kwa marudio yaleyale. Waliongeza sumaku za kulenga, na wakabonyeza kuta za baadhi ya vyumba vitoke kwenye sauti ya wenzao. Ile ya kubonyeza ni ufundi wa nyundo kabisa, na ilifanya kazi.

---

Nyota_ya_Tanga

Nimekuelewa kwenye joto sasa. Ila kuna mfano ambapo kusafisha bomba peke yake kulionekana kwenye mwale? Nataka ushahidi, si nadharia.

---

Fundi_Ombwe

Upo. Mashine ya SPS, inayoilisha LHC, ina njia ya karibu kilomita 7 na inafanya kazi tangu 1976. Kati ya sumaku kulikuwa na mamia ya vyumba vya pampu vilivyo wazi kuelekea kwenye mwale. Wakati wa kuiandaa kwa kazi ya LHC, hadi 2001, walivifunika kimoja kimoja kwa ngao za chuma. Kabla ya hapo kundi la protoni lilikuwa linavimba na kurefuka kadiri linavyoongezwa. Baada ya ngao, uvimbe ule ulitoweka. Hawakugusa sumaku kuu. Waliziba vyumba.

---

Mwaka_wa_Tatu

Shikamooni wakubwa. Niko chuo, uhandisi wa umeme. Tuna analaiza ndogo ya mkononi inayofika gigahezi 3. Hatuna kichapuzi. Naweza kuona kitu chochote cha haya?

---

Fundi_Ombwe

Marahaba mdogo wangu. Unaweza leo. Tafuta kopo la maziwa ya unga la bati lenye mfuniko wa chuma. Toboa tundu dogo katikati ya kila upande, ingiza waya wa milimita 5 tu kila tundu, unganisha na analaiza, pima kinachopita. Sauti ya kwanza ya kopo haitegemei urefu, inategemea kipenyo: gawanya 115 kwa nusu-kipenyo kwa mita, unapata megahezi. Kisha legeza mfuniko uone. Rudi na namba.

---

Mwaka_wa_Tatu

Nimerudi. Kipenyo cha ndani sentimita 10, hesabu ikanipa kama megahezi 2,300. Nilichoona: kilele chembamba kwenye 2,280. Nilipolegeza mfuniko kikashuka, kikatanuka na kuhamahama kila nikigusa kopo. Nilipozungushia karatasi ya alumini kwenye ukingo na kukaza, kikarudi.

Halafu rafiki yangu akatoa kile kipande cheusi kilicho kwenye kebo ya skrini ya kompyuta, tukakiweka ndani karibu na ukuta. Kilele kikaisha karibu chote! Je, hiyo si dawa bora kuliko kufunika mamia ya vyumba?

---

Fundi_Ombwe

Hongera sana, umefanya kipimo halali. Hicho kipande ni ferita, kauri ya kisumaku inayomeza mawimbi, na ndiyo, vichapuzi vinaitumia pale ambapo chumba hakiwezi kuzibwa.

Lakini jiulize nishati imekwenda wapi. Haikutoka nje, imeingia kwenye ferita na kuwa joto. Kwenye kopo lako ni sehemu ndogo ya miliwati na kuna hewa. Ndani ya bomba hakuna hewa, na ferita haishiki vizuri kwenye chuma, kwa hiyo joto halina pa kutokea. Ferita ikipita joto lake la Curie inapoteza usumaku wake na haifanyi kazi tena. Mwaka 2012 LHC walipata yote mawili: kioo cha kupigia picha mwanga wa mwale kiliharibika kwa joto la mwale, na sumaku za kuingizia mwale, ambazo zina ferita ndani, zilipata moto kiasi kwamba mara nyingine ilibidi wasubiri zipoe ndipo waingize mwale mwingine. Baadaye waliongeza nyaya za kinga ndani ya mirija ya kauri ya sumaku hizo, kivuli kipite kwenye nyaya na si kwenye ferita.

Na joto hukua kwa mraba wa idadi ya protoni kwenye kundi. Kutoka bilioni 115 kwenda 220, joto la kifaa kilekile linapanda zaidi ya mara tatu na nusu. Ferita iliyotosha jana haitatosha kesho.

Kwa hiyo jaribio linalofuata: toa ferita. Kata kipande cha bomba la bati, kipitishe katikati ya kopo kutoka tundu hadi tundu, kiguse vizuri pande zote mbili, kisha pima tena. Baada ya hapo kikate katikati, acha ufa wa milimita moja, pima.

---

Mwaka_wa_Tatu

Sawa mkuu. Bomba nimepata kwa fundi wa antena. Kesho jioni naleta picha za skrini.